Spika Mbili kwa Sauti Moja

Genkuru,
Kwa njia ya Posta ya Tarime,
25 Januari, 1953.

Mpendwa kaka Kornelio,

Shikamoo, kaka. Nakuandikia asubuhi, ng'ombe hawajafunguliwa na umande bado uko kwenye majani, kwa hiyo pokea salamu ambazo bado ni mbichi. U hali gani huko jeshini Malaya? Mkono unaendeleaje? Je, wanakupa chakula cha kushiba, au ni ule wali wa kila siku uliotuambia unakufanya uote ndoto za ugali wa wimbi? Tunakuombea kila tukikaa kula, na anayesahau kukuombea Baba humwambia aweke tonge chini kwanza.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Magoti ya Baba yanamsumbua siku za mvua, hawezi tena kwenda mbali, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Binti yako Nyangi anatembea na anaongea, na ana kichwa kigumu, kwa hiyo hakuna anayeuliza ni mtoto wa nani. Mimi nipo. Esta wa kwa akina Simoni bado hajanikubali na bado hajanikataa.

Kaka, nimekukumbuka. Nasema wazi kwa sababu ungekuwa hapa nisingesema. Nikiendesha lori peke yangu kwenda Mugumu, kiti cha pembeni nakijaza magunia matupu ili nisikione kikiwa wazi. Kuna siku, nilipokuwa navuka mto Mara, niligeuka nikataka kukuambia jambo, nikakuta nazungumza na gunia.

Lori bado ni lile lile la Simoni, lile kuukuu la jeshi lililobaki baada ya vita. Mlango wa kushoto nimeufunga kwa kamba ya katani na honi imekufa, nikitaka kuwaondoa mbuzi barabarani natoa kichwa dirishani nawapigia mbinja. Nabeba mahindi na ngozi kwenda na kurudi, Tarime hadi Ringwani. Nakutajia lori mapema kwa sababu habari yangu ya leo imo ndani yake.

Tangu barua yako ya mwezi wa nane hatujapata nyingine. Ile barua ilisema uko hospitali, mkono wa kulia umefungwa, na kwamba mwenzako ndiye anayekuandikia. Niliisoma yote mbele ya Baba. Baba hajui kusoma, lakini anaijua ile K yako ya mwanzo wa jina yenye mguu mrefu. Akaichukua karatasi, akaipeleka mwangani, akaitafuta K. Hakuiona. Akanirudishia, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa mlangoni akiangalia njia.

Miezi ikapita. Ndipo Baba mdogo Ryoba alipoanza kuja jioni na kigoda chake mwenyewe, jambo ambalo unajua si dalili njema. Alisema barua ya mkono wa mtu mwingine ni msiba ambao umeona haya kujitaja. Alisema nyumba ya mwanamume haiachwi ikapoa, hasa nyumba ambayo haijapata mtoto wa kiume, na kwamba mimi ni mdogo wako, sijaoa, basi niingie kwa mkeo Bernadetha ili jina lako lisizimike. Unazijua mila zetu. Zina maana yake mtu akifa, nami siku hiyo ikifika sitakimbia. Lakini mimi sikutaka kukuzika kwa sababu posta imechelewa.

Neno lilimfikia Bernadetha, kama maneno yote yanavyofika. Akaacha kunisalimia wiki nzima, kana kwamba mimi ndiye niliyeliomba. Ndugu zake wa Ringwani nao wakanisimamisha barabarani kuniuliza kama binti yao ni mke au mjane, maana wanataka kujua wavae nyuso gani. Baba akasema atatoa jibu mwezi huu wa kwanza ukiisha. Basi kila nilipoona mwezi unakonda angani moyo wangu nao ulikonda.

Baada ya Krismasi karani wa bomani Tarime alinisimamisha nikiwa napakua mahindi. Akasema salamu za askari wa Malaya wanaotoka wilaya yetu zitatangazwa na redio ya Nairobi, Jumapili ya tarehe kumi na nane, saa kumi jioni, na kwamba jina lako limo. Nilimwacha Simoni na mahindi yake nikaja nyumbani mbio.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atafurahi. Akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Karatasi mtu yeyote anaweza kuniandikia. Sauti ya mwanangu hakuna wa kuniandikia. Nikiisikia, Ryoba atarudi kwake na kigoda chake. Nisipoisikia, nitajua."

Redio iko moja dukani Tarime, lakini magoti ya Baba hayafiki huko, na hata yangefika, alisema hatakwenda kumsikiliza mwanawe katikati ya watu wanaonunua chumvi. Redio ya kwetu ilikuwa haipo, na ingekuwepo ingekula nini? Huku hakuna umeme. Ndipo nilipolitazama lori la Simoni kwa jicho jipya, maana lina betri.

Unamkumbuka yule mzungu aliyekuwa akitafuta dhahabu karibu na Nyakunguru? Alikata tamaa akaenda zake, akaacha gari dogo limekaa juu ya mawe bila magurudumu. Ndani yake mna redio. Mzee anayelinda pale alikubali niing'oe, nami nikamsombea mahindi yake. Alisema gari lenyewe sasa ni mali ya kuku, na kweli nilipoingia nilimkuta tetea ameatamia mayai kwenye kiti cha dereva. Tulifanya kazi mimi na yeye pamoja, yeye akinidonoa na mimi nikifungua skrubu.

Nikaipeleka kwa Filemoni, fundi Mjaluo anayetengeneza redio na baiskeli njia ya Shirati. Aliifungua akacheka. Panya walikuwa wamekula karatasi ya spika hadi ikabaki kama sketi iliyochanika. Akaniambia vali, zile taa zake za ndani, ni nzima, lakini redio hiyo ni ya volti sita na lori letu ni la kumi na mbili, nikiiunga moja kwa moja nitaichoma siku hiyo hiyo. Nilivunjika moyo. Yeye akanionyesha betri yangu mwenyewe, ambayo nimeiendesha miaka miwili bila kuitazama. Ina vyumba sita, na juu yake vyumba vinaunganishwa kwa vipande vya madini ya risasi. Nichukue waya katikati, akasema, redio inywe vyumba vitatu tu. Karatasi ya spika tuliitia kiraka cha mfuko wa sukari kwa gundi ya uji wa muhogo.

Jumapili ya tarehe kumi na moja nilileta lori nyumbani tujaribu. Simoni aliniruhusu, ila alisema Jumatatu injini isipowaka nitalisukuma mwenyewe hadi Tarime na mahindi juu yake. Redio nilikuwa nimeifunga chini ya usukani na spika nimeiweka mbele ya kiti cha pembeni. Eriali niliitundika kwenye mti wa lango la zizi. Injini ikiwaka, redio inakwaruza kama jogoo aliyepaliwa, kwa hiyo tuliizima injini. Kukawa kimya, kukavuma kidogo kama nyuki, halafu mtu wa Nairobi akasema habari za bei ya pamba. Kaka, nilipiga usukani kwa furaha. Sijawahi kuipenda pamba namna ile.

Sauti ilikuwa nyembamba kwa sababu ya kile kiraka. Ukiwa ndani ya lori unasikia kila neno, ukishuka hatua chache inabaki mvumo tu. Mimi sikujali. Nikampandisha Baba kwenye kiti cha pembeni, akakaa akasikiliza pamba yake kwa heshima. Halafu nikamwita Bernadetha aje asikie naye.

Unaweza kucheka, nakupa ruhusa. Mimi mtoto wa Kikurya, nimezaliwa hapa, nilihangaika na volti na vyumba vya betri nikasahau ensoni. Soni ya mkwe na mkwe. Baba na Bernadetha hawajawahi kupeana mkono wala kukaa kwenye kiti kimoja, na mimi nimejenga nyumba ya sauti yenye kiti kimoja na kuwaalika wote wawili kwa wakati ule ule. Bernadetha alipomwona Baba dirishani aligeuka akaenda nyuma ya ghala, kichwa chini. Baba alipoelewa nimemwita nani alifungua kamba ya mlango kwa mikono yake, akashuka na magoti yale, akaenda zizini. Nikabaki peke yangu na pamba.

Jioni Baba aliniita. Alisema Jumapili ijayo nimpandishe mke wako, kwa sababu yeye ndiye mwenye mume. Nikaenda kwa Bernadetha. Naye akasema nimpandishe mzee, kwa sababu ndiye mwenye mtoto, na kwamba yeye ataelewa kwa kumwona mzee akishuka. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na wote wawili hawakulala vizuri, niliwasikia asubuhi kwenye sauti zao. Sauti yako ingepita mara moja tu. Haina mara ya pili.

Nikarudi kwa Filemoni. Akaniuliza kwa nini nisiweke spika mbili. Alitafuta kwenye debe la vyuma vyake akapata spika ya redio iliyokufa, ndogo lakini karatasi yake nzima. Akanionya kwamba midomo miwili hugawana chakula kimoja, kila mmoja utasema kwa sauti ndogo zaidi. Waya mrefu niliupata tena kule Nyakunguru, ule ambao mzungu alikuwa akilipulia miamba. Niliupitisha kutoka kwenye lori, pembeni mwa zizi, hadi mlangoni kwa Bernadetha. Tulipojaribu, spika yake ilinong'ona tu. Ni yeye aliyeleta chungu kikubwa cha pombe, kitupu, akaiweka spika mdomoni mwa chungu, na sauti ikatoka na kifua. Nilimwambia mume wake atafurahi akijua amewekewa chungu cha pombe. Siku hiyo alinisalimia.

Basi Jumapili iliyopita ikafika. Baba alivaa lile koti ulilomnunulia. Alipanda kiti cha pembeni, mimi kwenye usukani, Baba mdogo Ryoba akasimama nje akiegemea lori, maana alisema anataka kusikia huo uongo. Bernadetha alikuwa amefagia mbele ya nyumba yake kama anayengoja mgeni. Nyangi alilala fofofo mgongoni kwake. Nilipotaka aamshwe, mama yake alikataa, akasema asije akazoea baba wa kwenye chungu.

Wakapita wenzako wengi. Kila jina lilipotajwa na halikuwa lako, Baba alikohoa. Halafu tukasikia jina lako, na ukasema, "Baba, shikamoo."

Baba akajibu, "Marahaba." Akakusubiri uendelee, kama unavyosubiri mtu mliyekaa naye. Lakini redio haisubiri, ulikuwa umeshafika mbali kwenye salamu za wajomba.

Ryoba aliingiza kichwa dirishani akasema Kiswahili cha namna ile anakisema kila askari, na kwamba kupitia chuma watu wote wanakuwa na koo moja. Nikaogopa kaka, kwa sababu hata mimi sauti ilikuwa ngeni kidogo masikioni. Ilikuwa imechoka. Hapo ndipo uliposema yule fahali wa sikio lililochanika asiuzwe mpaka uje, na kama ameshauzwa, Baba asikuambie. Nchi nzima inasikiliza, watu wanasalimia maaskofu na machifu, wewe unamsalimia ng'ombe. Baba alicheka hadi machozi yakashuka, akampiga Ryoba begani akamwambia, "Huyo ni wangu. Hakuna mtu mwingine mjinga hivyo."

Ukamsalimia mama Nyangi. Ukamwambia utafika kabla ya kupanda wimbi, na kwamba Nyangi asiogope sura yako. Kisha akaingia askari wa Musoma. Baba hakutaka kusikia wa Musoma. Alishuka akaenda moja kwa moja zizini kumtazama fahali, na Ryoba akamfuata nyuma. Jioni ile ile, bila kungoja mwezi uishe, Baba aliwaambia wazee kwamba nyumba ya Kornelio ina mwenyewe, amemsikia kwa masikio yake, na asiwepo wa kuuliza tena. Ryoba alibeba kigoda chake. Hakukasirika, na kwa kweli naye alikuwa anafuta macho.

Ningependa barua iishie hapa, na Baba anadhani inaishia hapa. Ndiyo sababu naiandika kabla hajaamka.

Mimi nilibaki kwenye usukani. Salamu zilipokwisha, mtangazaji alisema sauti hizo zilinaswa kwenye sahani za santuri mwezi wa nane, mahospitalini na kambini, na kwamba zimekuja kwa meli. Mwezi wa nane, kaka. Mwezi ule ule wa barua. Nilikaa na mikono juu ya usukani wa lori lililozimwa. Nilikuwa nimesumbuka na waya na spika nithibitishe kwamba u hai leo, na nilichokipata ni kwamba ulikuwa hai wakati ule ambao hakuna aliyekuwa na shaka nao.

Nikakumbuka kwamba spika ni mbili. Nikashuka nikaenda kwa Bernadetha. Alikuwa amekaa chini karibu na chungu, na redio ilikuwa inapiga ngoma za watu wengine. Nilianza kukunja waya. Akasema, "Shemeji, uache kwanza." Nikauacha. Baadaye akaniuliza bila kunitazama, "Ulisikia alivyosema yule mtu mwishoni?" Nikasema nilisikia. Akasema, "Basi mzee asijue."

Tangu siku hiyo tuko wawili tunaojua. Baba anaimba akifungua ng'ombe. Amewaambia watu wote wa Genkuru kwamba uko njiani, na watu wanampongeza, na mimi napongezwa kwa redio yangu. Betri ilikwisha nguvu, Jumatatu nilizungusha hendeli ya injini hadi mikono ikatoka malengelenge, Simoni akanicheka, nami nikacheka naye. Kucheka kumekuwa kazi ngumu kuliko hendeli.

Kaka Kornelio, sikuombi uje kesho, najua askari hajitumi. Naomba mstari mmoja. Kama mkono wa kulia bado umefungwa, andika kwa wa kushoto, herufi zilale kama mahindi yaliyopigwa na upepo, sisi tutazisoma. Kama huo nao hauwezi, basi waambie wakupakie wino kwenye kidole gumba ukikandamize kwenye karatasi. Na juu yake iandikwe tarehe ya siku hiyo. Tarehe usisahau.

Baba anakusalimu na fahali wake, hajauzwa. Baba mdogo Ryoba anakusalimu, anasema usimchukie. Simoni anakusalimu, Filemoni ambaye hamjaonana anakusalimu, na ndugu wa Ringwani wanakusalimu wote. Nyangi nimemwuliza, akasema anataka pipi.

Bernadetha nilimfuata jana shambani kumwuliza salamu zake. Majirani wote wameshapanda, wimbi lao limeanza kuchungulia. Shamba lenu limelimwa vizuri, udongo mweusi, magugu yote yametolewa, na ndani yake hamna kitu. Alikuwa amesimama katikati na jembe begani. Akasema nikuandikie neno moja tu, kwamba yeye bado hajapanda.

Mungu aliyekutoa tumboni mwa Mama salama akulinde huko uliko, na akurudishe kwa miguu yako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayekungoja,

Werema Nyangwine.